Voi hadi Taveta: njia ya vita, njia ya maji

Matatu ya Taveta huondoka Voi ikishajaa, basi nilifika steji kabla jua halijachomoza, nikiwa na lita 5 za maji begani. Safari nzima ni kama kilomita 110, lami tupu. Anayetaka kushuka Maktau au Salaita amwambie utingo mapema, maana gari likishapita Bura dereva anaiona Taveta tu. Reli ya zamani inaifuata barabara, mara inaonekana, mara imemezwa na majani. Ni njia iliyojengwa kwa ajili ya vita, si kwa abiria wala mkonge.

Vita vyenyewe ni Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914–1918. Wajerumani, waliotawala ng'ambo ya mpaka, waliingia Taveta tarehe 15 Agosti 1914 wakakaa hapo karibu miezi 19. Kutoka huko walituma vikosi vidogo, Wazungu wachache na askari na wapagazi kadhaa, wavuke pori kwa miguu hadi reli ya Mombasa–Nairobi, wafukie baruti chini ya taruma, kisha warudi kimyakimya. Waingereza wakaanza kusukuma mabehewa mbele ya injini ili yalipuke hayo kwanza. Lakini adui mkubwa wa vikosi hivyo alikuwa kiu. Kikosi kilichokosea ramani kidogo tu, au kilichokuta kisima kimekauka, kiliishia kujisalimisha au kufia njiani.

Ukitoka Voi, tazama kusini-mashariki. Mlima uliosimama peke yake ni Kasigau. Wakasigau hawakuwa jeshini, lakini mwaka 1915, Wajerumani walipokishambulia kituo cha Waingereza pale, wakuu wa kikoloni waliwatuhumu wenyeji kuwa walimwonyesha adui njia. Nyumba zikachomwa, watu wakapelekwa Malindi. Watu wa mlima wenye baridi na chemchemi wakatupwa pwani kwenye mbu wasiowazoea. Wengi walikufa kwa homa. Kurudi kwao mlimani kulichukua takriban miaka 20. Vibao vya utalii barabarani husimulia zaidi habari za majenerali.

Baada ya Mwatate na mashamba ya mkonge, vilima vya Taita vinabaki upande wa kulia, na hapo Bura ndipo penye siri ya njia hii. Bura ina maji yanayotiririka kutoka milimani. Kutoka hapo kwenda magharibi, mpaka mto Lumi karibu na Taveta, hakuna mto wa kutegemewa: ni udongo mwekundu, migunga, mibuyu na vumbi. Jeshi la maelfu ya watu na wanyama haliwezi kukaa hapo hata siku mbili bila kuletewa maji. Ndiyo maana Waingereza walifanya kazi mbili kwa pamoja. Walitandika reli yenye upana wa mita moja kutoka Voi, iliyofika Maktau Juni 1915, na walilaza bomba kutoka Bura kufuata njia hiyohiyo. Bomba halikutosheleza. Maji yalipimwa, na kila tanuri la mkate, kila injini ya mvuke na kila nyumbu alihesabiwa humo.

Nilishuka Maktau. Ni kituo kidogo: maduka machache, jengo la stesheni, na karibu yake makaburi ya askari wa Kihindi. Hapa ndipo mtu anaelewa kwamba "jeshi la Waingereza" lilikuwa na Wabaluchi na Wapunjabi, na askari wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waafrika cha Waingereza), kabla Wazungu wa Afrika Kusini hawajafika mapema 1916. Kupanda vilima vya karibu kunataka viatu vizito. Mawe yaliyopangwa kuwa ngome bado yapo, na miiba ni ileile. Wajenzi wa ngome hizo walikata miiba hiyo wakaizungusha kambi kama boma la ng'ombe. Ilimzuia simba na ilimzuia askari adui, kwa gharama ya panga tu.

Kwa nini watu walibeba mizigo wakati kulikuwa na farasi, nyumbu na ng'ombe? Kwa sababu ya ndorobo, yule inzi anayeambukiza mifugo ugonjwa. Mnyama aliyepita kwenye pori hili aliumwa, akakonda, akafa ndani ya wiki chache. Motokaa zilikuwapo, hata za deraya za Rolls-Royce, lakini mvua ikinyesha udongo huu hugeuka gundi. Akabaki mpagazi.

Sasa piga hesabu yake. Mzigo ni ratili 50 hadi 60, tuseme kilo 25. Posho yake ni ratili 2 za unga kwa siku, karibu kilo 0.9. Akienda siku 7 na kurudi siku 7 bila ghala njiani, atakula yeye mwenyewe kilo 12.6, yaani nusu ya mzigo. Akienda siku 14 na kurudi siku 14, atakuwa ameumaliza wote, na yule askari wa mbele hapati hata kijiko. Kila kilomita ambayo reli ilisogea iliokoa watu. Kila kilomita ambayo jeshi liliitangulia reli iliwaua. Hayo yalionekana wazi baadaye, jeshi lilipoingia Tanzania Bara ya leo na kuelekea Rufiji.

Na unga wenyewe ulikuwa tatizo. Mahindi yaliyosagwa kwa kukurupuka, pumba ndani, yanahitaji kuchemshwa muda mrefu kwenye sufuria kubwa na kuni kavu. Mpagazi alifika kambini jua likizama, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi, usingizi umemshika. Alikoroga kidogo akala unga mbichi wa moto. Watu waliozoea ndizi au wali walipata shida zaidi. Kuhara kukaanza, kukawa kuhara damu, na mtu anayehara kwenye kambi isiyo na maji hana wiki mbili. Ugonjwa uliwaua wapagazi wengi mno kuliko risasi. Waingereza waliwatumia watu zaidi ya milioni 1 katika vita hivi vya Afrika Mashariki, na hesabu rasmi ya waliokufa ni kama 95,000. Jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Gari lililofuata lilinishusha chini ya Salaita, kilomita 12 hivi kabla ya Taveta. Usitegemee mlima. Ni kilima cha kupandwa kwa nusu saa, na ndiyo maana kilimdanganya kila mtu. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walimimina mizinga kileleni, mahali palipoonekana mahandaki. Wajerumani, wakiongozwa na Georg Kraut, walikuwa wamechimba mahandaki ya kweli chini, kwenye mguu wa kilima, wakayafunika kwa majani. Askari wapya wa Afrika Kusini waliisogelea miiba mchana kweupe na bombomu, yaani bunduki za rashasha, zikawapokea. Walirudi nyuma kwa vurugu, na Wabaluchi, ambao walikuwa wamedharauliwa kambini kwa rangi yao, ndio waliowashika mkono. Ukiwa juu, geuka uangalie mashariki: tambarare yote iko wazi. Kisha teremka uzunguke mguu wa kilima polepole, ukitazama mistari ya udongo iliyobonyea. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kivuli kikiwa kirefu. Mchana mistari hiyo haionekani kabisa.

Lakini Salaita haina maji. Walinzi wake waliletewa kutoka upande wa Lumi. Tarehe 8 Machi 1916 Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, hakurudia kosa la kuvamia miiba. Alipeleka jeshi kaskazini, likavuka Lumi karibu na ziwa Chala. Kesho yake kilima kilikuwa kitupu.

Kwenye njia hii kuna mbuyu mkubwa wenye mashimo, na wenyeji watakuambia mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akidungua Waingereza kumlipiza mumewe. Ni hadithi tamu. Mashimo nimeyaona, huyo mwanamke mwachie msimulizi.

Taveta unaingia kwa kuvuka Lumi, na joto linabadilika ghafla: migomba, mifereji, vyura. Makaburi ya kijeshi yako mjini, mawe meupe yenye majina, vyeo na tarehe. Baadhi ni za Machi 1916, za usiku wa Latema na Reata, vile vilima viwili magharibi ambapo KAR, Wabaluchi, Warhodesia na Waafrika Kusini walipigana gizani tarehe 11, wakapoteana, na alfajiri wakakuta Wajerumani wameshaondoka. Nilitembea safu zote. Jina la mpagazi sikuliona. Nje ya ukuta mtu alikuwa anachota maji ya mfereji kwa ndoo, anamwagilia nyanya.