Mifuko miwili ya Mama

Ujumbe wa mbolea uliingia kwenye simu ya Mama mapema Machi, naye akaufuta. Jioni akanisimulia, tena kwa kujisifu: "Wale matapeli wamenitumia tena mambo ya vocha. Nimewafuta wote." Nikashika kichwa. Ndiyo vocha ya mbolea ya bei nafuu tuliyokuwa tukiingoja tangu Januari.

Mbolea ya ruzuku huku Kenya humfuata mtu aliyeandikwa. Unasajiliwa kupitia kwa chifu: nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ekari unazolima na unachopanda. Msimu ukifika, simu inakuambia umetengewa mifuko mingapi, unaenda na simu hiyo ghalani, unalipa sehemu yako. Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukafika 2,500. Hakuna pesa utakayotiwa mkononi. Ruzuku yenyewe ni ile tofauti usiyoilipa.

Jumatatu nilichukua likizo, nikapanda gari la usiku hadi Trans Nzoia. Kwa chifu tulikuta foleni imeshapita mti wa mwarubaini. Zamu yetu ilipofika, karani akafungua jina la Mama na hapo ndipo nikajua kwamba kufuta ujumbe kulikuwa kosa dogo kuliko yote. Shamba lake lilikuwa limeandikwa ekari 0.2. Analima mbili. Aliyemsajili alibonyeza nukta isiyokuwapo, na kwa nukta hiyo Mama alikuwa ametengewa mfuko mmoja.

"Misimu mitatu nimekuwa nikiongezea wa dukani," akasema polepole, "nikidhani ndiyo kipimo cha serikali."

Sikumjibu. Nilikuwa napiga hesabu ya hela nilizokuwa nikimtumia kila Machi kwa ajili ya huo mfuko wa dukani, na sikuipenda.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Mzee wa kijiji, anayelijua shamba hilo tangu enzi za babu, alithibitisha ukubwa wake. Karani akaandika upya na kututaka tusubiri. Kilichotutesa ni kusubiri. Siku tatu nilikuwa namwambia Mama asizime simu, asiitoe laini, asimwazime mjukuu acheze. Siku ya nne ujumbe ukaingia: mifuko miwili. Mvua nayo ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa mlima Elgon.

Ghalani nilijifunza jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema: aende mwenye jina, na kitambulisho chake, na simu yenyewe ikiwa na chaji. Mbele yetu kijana mmoja alirudishwa kwa sababu alileta picha ya kitambulisho cha baba yake. Sisi tulilipa 5,000 kwa M-Pesa, tukachanga nauli ya pikapu na majirani wanne. Kwa mfuko mmoja peke yako, usafiri utakula nusu ya nafuu yako.

Nyumbani Mama hakunishukuru kwanza. Alifungua mfuko mmoja, akachota punje kidogo, akazisugua kwenye kiganja kilicholowa hadi zikaanza kuteleza, akanusa. Hajasahau mwaka 2024, wakulima walipouziwa mbolea bandia ndani ya mpango huuhuu na serikali ikalazimika kuahidi fidia. Aliporidhika ndipo akaniuliza kama nimekula.

Alipanda wiki hiyohiyo. Ujumbe wa mbolea ya kukuzia ulipokuja, alinipigia kabla hajaumaliza kuusoma.

Juzi nilimtembelea nikakuta simu yake haipokei tena ujumbe wowote. Imejaa. Amezitunza zote, hata za kamari.