Usiku Elektroni Zilipogoma Kuzunguka

Pete ya zamani ya sinkrotroni yetu, mashine inayozungusha elektroni ili zitoe mwanga, tuliivunja yote. Sumaku, mabomba ya ombwe, nguzo, nyaya, vyote vilitolewa handakini, pakabaki sakafu ya zege na alama za wapimaji. Baadhi ya mafundi walioilea tangu ilipowashwa mara ya kwanza walisimama wakiitazama ikibebwa na kreni, na machozi yaliwatoka. Mimi nilikuwa kwenye kikosi cha kuingiza mwale wa elektroni kwenye pete, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye siku ambayo elektroni zingerudi.

Sababu ya kuivunja ilikuwa nzuri. Sinkrotroni hupinda njia ya elektroni zinazokaribia kasi ya mwanga, na kila zinapopindwa zinatoa mwanga, hasa eksirei. Mwale wa elektroni ukiwa mpana na wenye kutawanyika, mwanga wake nao hutawanyika, na mtafiti anayetaka kuona umbo la protini anapata ukungu. Kipimo cha upana na mtawanyiko huo ni emitansi. Kanuni yake naipenda hadi leo: gawa mpindo mmoja mkubwa kuwa mipindo midogo mingi, na emitansi inashuka kwa kipeo cha tatu cha idadi yake. Ukizidisha mipindo mara mbili, inabaki thumuni. Pete nyingi za zamani zilikuwa na sumaku mbili za kupinda katika kila seli, yaani kipande cha pete kinachojirudia. Sinkrotroni ya MAX IV ya Lund, Uswidi, iliyozinduliwa 2016, iliweka saba. Sinkrotroni ya ESRF ya Grenoble, Ufaransa, ikazima pete yake ya mita 844 mwezi Desemba 2018 na kuwarudishia watafiti mashine mpya Agosti 2020, emitansi ikiwa imepungua kiasi cha mara 30. Baada ya hapo hakuna kituo kilichotaka kubaki nyuma, na chetu hakikuwa tofauti.

Lakini mwale mwembamba una gharama, na gharama hiyo iliangukia kikosi chetu. Ili kuubana unahitaji kwadrupoli, sumaku za kukusanya mwale, zenye nguvu sana, na kwadrupoli hizo zinadai seksitupoli, sumaku nyingine kali za kurekebisha elektroni zenye nishati tofauti kidogo. Matokeo yake, njia salama ndani ya bomba inakuwa finyu. Zamani tuliingiza elektroni kwa pembeni: sumaku za kika, zinazosukuma mwale kwa ghafla, zilisogeza mwale uliopo hadi karibu na ukuta mwembamba wa septamu, sumaku ya kuingizia, elektroni mpya zikaingia kando yake, zikayumbayumba kwa milisekunde kadhaa, kisha zikatulia na kuungana na zilizotangulia. Pete mpya haikuwa na nafasi ya kuyumba namna hiyo. Tukachagua njia waliyoichagua pia wenzetu wa maabara ya Argonne, Marekani, waliozima pete yao ya mita 1,104 Aprili 2023: fungu la elektroni lililopungua linatupwa nje, na papo hapo fungu jipya lililojaa linachukua mahali pake katikati ya njia. Kika lazima iwake na kuzimika ndani ya nanosekunde chache, isiguse fungu lililo mbele wala lililo nyuma. Ni kutunga uzi kwenye tundu la sindano inayokimbia.

Usiku wa kurusha elektroni mara ya kwanza, chumba cha udhibiti kilijaa watu ambao zamu yao ilikuwa imekwisha zamani. Septamu ikaitika, kika ikaitika, na kwenye bamba la kwanza la kuangalia mwale likatokea doa dogo linalong'aa. Tulipiga makofi. Kisha vipima mahali, vinavyoonyesha mwale ulipo ndani ya bomba, vikaanza kusoma, kimoja baada ya kingine, hadi karibu theluthi ya pete. Hapo elektroni zikaisha. Tukarusha tena, zikaisha pale pale. Tukasahihisha njia kushoto, kulia, juu, chini, pale pale.

Mtu mmoja akakumbusha kisa cha 1996 cha maabara ya CERN, pale chupa mbili za bia zilipokutwa ndani ya bomba la LEP, pete yao ya elektroni ya wakati huo. Wazo la kizuizi likashika moto haraka, na hoja ya kufungua bomba ikawekwa mezani. Nilipinga kwa nguvu zangu zote. Ukifungua ombwe, hewa inaingia, kuta zinahitaji kupashwa moto upya, na wiki nzima nzima zinapotea. Tena kizuizi hakipindi mwale, kinausimamisha tu. Nikaomba tupime kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unabadilisha kidogo sumaku ya kusahihisha iliyo nyuma, unaangalia kila kipima mahali kinasogea kiasi gani, halafu unalinganisha na hesabu ya modeli. Mistari miwili kwenye skrini ilikwenda pamoja vizuri, seli baada ya seli. Ilipofika kwadrupoli moja, kabla kabisa ya mahali pa kupotelea, ikaachana: modeli ilisema mwale unarudi katikati, vipima vilisema unazidi kwenda nje. Kwadrupoli ile ilikuwa inatawanya mahali pa kukusanya.

Kiongozi wa zamu alitazama grafu kwa muda, akaniambia, "Nenda na fundi wa umeme, mkaangalie kwa macho."

Kuingia handakini si jambo la kukimbilia. Mwale ulizimwa, funguo zikatolewa, mionzi ikapimwa, ndipo mlango ukafunguliwa. Tulipoifikia sumaku, fundi alimulika tochi kwenye vituo vya nyaya: waya wa chanya ulikuwa umefungwa kwenye hasi. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na alama ya vema, kwa kuwa kilichokaguliwa ni upande wa chanzo cha umeme, si uga wenyewe ndani ya sumaku. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Sumaku isipimwe kwa karatasi.

Nyaya zikabadilishwa, tukatoka, mlango ukafungwa. Mrusho uliofuata ulivuka pale, ukamaliza mzunguko wa kwanza, ukaanza wa pili. Kabla ya mchana tulikuwa tumewasha seksitupoli na kutafuta awamu sahihi ya masafa ya redio, yanayozirudishia elektroni nishati zinayoipoteza. Mzunguko ukawa mamia, mamia yakawa maelfu, kisha mkondo kwenye skrini ukasimama bila kushuka: fungu moja, likizunguka zaidi ya mara laki tano kila sekunde.

Niliomba jambo moja kabla ya kwenda kulala, na nikakubaliwa: kila sumaku ya pete ipimwe upya, kwa kipima uga, kwa mkono. Katika kazi hiyo ikapatikana nyingine iliyogeuzwa, seksitupoli upande wa pili wa pete, ambayo ingetusumbua sana siku ya kuanza kubadilisha mafungu.