Mimi Ndiye Mwenye Ufunguo

Sipendi mazoezi. Nalisema mapema, ili anayetafuta maneno ya kumpandisha mori asipoteze muda hapa. Simu zetu zimejaa vijana wenye misuli wanaotupigia kelele kwamba ukitaka utaweza. Mimi sitaki. Na bado kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, utanikuta kwenye uwanja wa shule moja hapa Katuba, mjini Lubumbashi, nimevaa bukta na sweta, nanyanyua bidoni za maji.

Mimi ni deklaranti. Najaza karatasi za forodha za malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kutwa nzima kinachofanya kazi mwilini mwangu ni vidole. Nikitoka ofisini napanda pikipiki, nikifika nyumbani nakuta bukari, yaani ugali, kisha usingizi. Ikafika mahali tumbo langu linafika mezani kabla yangu.

Kikundi chetu kilianza kama futing ya Jumapili, yaani mbio za pamoja. Mkaaji wa Lubumbashi anaijua: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, viatu vinapiga lami kwa pamoja, na watoto wanatoka kwenye parseli (nyua za nyumba) kuwafuata. Jumapili kama hiyo unarudi nyumbani ukiamini umekuwa mtu mwingine. Jumatatu asubuhi mtu huyo mwingine haonekani. Tulikuwa wengi Januari, kufika Machi tumebaki wachache, na mimi nilikuwa kwenye hesabu ya wale walioanza kutoa visingizio vya mvua hata siku za jua.

Kilichobadilisha mambo ni geti. Tuliomba uwanja wa shule ili tuache kukimbizana na malori barabarani, na mkuu wa shule akakubali kwa sharti: sentineli wake, yaani mlinzi, ni mzee, asiamshwe alfajiri, ufunguo mmoja ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na geti kuliko zote. Ni hivyo tu, hakuna aliyenichagua kwa sababu ya bidii.

Tangu hapo nikilala, watu wanasimama nje. Na kati yao yumo mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hajui kupiga simu kwanza. Anakuja moja kwa moja kugonga dirisha: "Papa Mapasa! Ungali unalala? Shiye tuko inje na mupepo!" Mapacha wangu wanaamka, mama yao anaamka, mbwa wa jirani naye anaamka. Baada ya hapo kulala tena ni kazi ngumu kuliko kuruka kamba.

Hebu niseme kuhusu huo mupepo, yaani baridi, maana walio nje ya Katanga hudhani Kongo yote ni joto. Mji wetu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai, alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa kumi na moja na nusu bado ni giza kabisa. Septemba na Oktoba joto linapanda, na vumbi jekundu linakaa kwenye meno. Novemba mvua inaanza, inatupeleka mpaka Machi, na uwanja unakuwa tope la kuvua viatu. Ukisubiri msimu mzuri wa mazoezi Lubumbashi, labda utapata Aprili na Mei. Miezi miwili haitoshi kupunguza kitambi cha mtu.

Kwa hiyo nimeweka mapatano na nafsi yangu, na haya ndiyo ningependa uyachukue, hata kama huna geti. Asubuhi ambayo sina hamu, siendi kufanya mazoezi. Naenda kufungua. Nikishafungua nina ruhusa kamili ya kurudi kitandani, bila lawama. Mara nyingi sirudi, kwa sababu nimeshavaa, nimeshapigwa na baridi, na aibu ya kugeuka mbele ya mama mwalimu ni kubwa. Lakini siku nyingine narudi kweli. Wenzangu wananicheka, nami nalala usingizi mtamu. Ile ruhusa lazima iwe ya kweli. Ukijidanganya kwamba unaenda kufungua tu huku moyoni umejipangia saa nzima ya jasho, mwili unashtuka na kukataa tangu kwenye shuka.

Jumamosi hatuna shida yoyote ya mahudhurio. Mama wa kikundi waliamua likelemba yao, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ilipwe uwanjani, baada ya mazoezi, taslimu, mbele ya wote. Asiyekuja hapokelewi mchango wake kwa simu. Tangu uamuzi huo sijasikia goti la mtu likiuma siku ya Jumamosi. Nimewahi kusoma makala ndefu za wataalamu kuhusu nidhamu, lakini sijaona iliyowashinda hawa mama na daftari lao.

Mmoja wetu, muuguzi, alikuwa akituhubiria kwamba baada ya siku 21 mwili unazoea wenyewe. Nikaenda kutafuta. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, matokeo yakachapishwa 2010: kwa wastani zilihitajika siku 66 ili jambo lifanyike bila kulifikiria. Wa haraka siku 18 zilimtosha, na wa polepole walikadiria angehitaji 254. Namfikiria sana huyo wa 254. Naamini ni ndugu yangu. Jambo jingine waliloliona lilinipa nafuu zaidi: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nilipomwambia muuguzi, alinyamaza kidogo, kisha akasema basi tuongeze mizunguko.

Tunachofanya chenyewe si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumpandisha pumzi, na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika zetu hamsini mara tatu zinafika hapohapo. Tunatembea kwa kasi kuzunguka uwanja, vijana wanakimbia, kisha bidoni ya lita tano kila mkono, ambayo ni kilo tano bila kulipa jimu yoyote. Mwishoni vijana wanafanya "Kidiaba". Mtakumbuka Desemba 2010, Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, ilipowafunga Internacional wa Brazil mabao mawili kwa bila na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kipa wetu Kidiaba alikaa chini akarukaruka kwa makalio. Watu wa nje waliona ni kichekesho. Jaribu mita kumi tu, halafu uniambie tumbo lako linasemaje kesho yake. Mimi nilijaribu mara moja na sitarudia, umri una heshima yake.

Wiki ijayo kazi inanipeleka Kasumbalesa, nitalala huko. Ufunguo ilibidi niuache kwa mtu. Wote walidhani nitampa mama mwalimu, ambaye hajawahi kukosa. Nimempa kijana anayekosa kuliko wote, yule wa visingizio vya tumbo. Akashangaa: "Papa, mbona mimi? Shijue hata kama nitaamuka." Nikamjibu kwamba mama mwalimu ameshaelekezwa dirisha lake liko upande gani.