Land Rover 109 ya bei nafuu: injini isikilize mwisho

Ukienda kuangalia Land Rover 109 iliyochoka, jambo la kwanza atakalofanya muuzaji ni kuiwasha. Ataikanyagia mafuta mara mbili tatu, kisha atakwambia injini haijawahi kufunguliwa. Mwache afurahi. Injini ya 109 ni ya chuma cha kusubu, ni rahisi, na fundi yeyote aliyekulia gereji ya mkoani ameshaifumua. Kinachoamua kama hilo gari ni la kununua ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, na baada ya chesisi ni ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Hivyo viwili vikiwa vizima, vingine vyote vina spea na vina dawa. Vikiwa vimeoza, hata ukipewa bure utakuwa umepewa deni.

Hapa nazungumzia Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Utaitambua kwa taa za mbele zilizokaa kwenye mabawa na grili ya plastiki, na spidomita yake iko mbele ya dereva. Matoleo ya kabla yake huwa na vipimo katikati ya dashibodi. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ndugu yake mfupi ni 88. Nyingi zilizobaki kwetu zilianzia serikalini, misheni au kwenye miradi, ndiyo maana unaweza kukuta moja imelala nyuma ya parokia miaka kumi ikiwa na matairi yote manne.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi bapa, tochi, mkeka wa kulalia na nguo usizozionea huruma. Chesisi yake ni boksi lililoundwa kwa mabati ya unene wa milimita 2 hivi yaliyochomelewa pamoja. Tope na maji huingia ndani ya boksi na kubaki humo, kwa hiyo kutu huanzia ndani kuja nje. Ukiona imetoboka, ujue ilikwisha kitambo. Gonga kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa na nyundo inakaa palepale. Ukipata sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Muuzaji akikukataza kugonga, ameshakujibu.

Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, maana hiyo huoza kabla ya zote. Njoo mbele kwenye vishikio vya springi za nyuma, kisha kwenye mikono ya pembeni inayotoka kwenye chesisi kubeba bodi na tangi la mafuta. Malizia na ncha za mbele zinazoshika springi za mbele. Boriti ya nyuma na mikono ya pembeni hukatwa na kuchomelewa mipya, ni kazi ya kawaida. Ncha za mbele na sehemu zinazoshika springi ni habari nyingine: zikipinda au zikichomelewa vibaya, ekseli haikai sawa na gari litavuta upande mmoja maisha yake yote.

Angalia pia viraka vya zamani. Kiraka kizuri kimekatiwa kutu yote hadi kwenye chuma safi, na bati lake ni la milimita 2 au 3. Kibaya ni bati jembamba la bodi lililolazwa juu ya kutu na kupakwa lami. Unyevu unabanwa katikati na uozo unaendelea, tena upesi zaidi. Lami mbichi chini ya gari linalouzwa ni sababu ya kugonga mara mbili zaidi. Chesisi mpya zilizochovywa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, lakini ukijumlisha usafiri, ushuru na kazi ya kuhamisha gari zima juu yake, gharama inaweza kuzidi bei uliyonunulia gari.

Lilikoishi gari nalo lina maneno. Lililokaa Tanga, Mtwara au Unguja limekula chumvi; chuma chake hakiaminiki mpaka uthibitishe. La Dodoma au Singida huwa na chesisi nzuri zaidi, ila vumbi limeshakula injini na miguu ya mbele, yaani viungo vya ncha za ekseli vinavyogeuza magurudumu. Kwa hesabu yangu la bara ndilo la kununua, maana vilivyoliwa na vumbi vinabadilishika.

Sasa ule ukuta wa mbele. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, ndiyo maana watu husema haishiki kutu. Ukuta huu lakini ni chuma. Inua kapeti, ukanyage sakafu ya miguuni kwa nguvu. Gonga kona za juu karibu na kioo, pamoja na nguzo ambazo bawaba za milango zimefungwa. Funga mlango polepole na utazame uwazi kati ya mlango na nguzo: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au ukilazimika kuinua mlango ili ufunge, nguzo imelegea au chesisi imejikunja. Sakafu ya miguuni hukatwa ikawekwa mpya. Nguzo zote mbili zikiwa zimeoza, ukuta mzima utoke, na ukuta kutoka maana yake ni usukani, pedali, nyaya na kioo navyo vitoke.

Aluminiamu nayo ina ugonjwa wake. Pale inapogusana na chuma na maji yakaingia kati, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe na rangi inavimba malengelenge. Itafute kwenye kingo za chini za milango, maana fremu ya ndani ya mlango ni ya chuma. Inachukiza macho, haizuii gari kutembea. Itumie kupunguzia bei.

Miguu ya mbele ina matufe ya chuma yanayong'aa, yanayozunguka unapokata kona. Yafute grisi na uyapapase kwa kidole. Yakiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itachanika upesi na oili itaendelea kumwagika hata ubadilishe sili mara ngapi. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise huku mwenzako akitazama: mchezo unaweza kuwa wa beringi za gurudumu, ambazo hukazwa, au wa bushi na beringi za tufe, ambazo lazima zifunguliwe.

Kwenye usukani kuna tairodi endi sita, yaani viungo vya ncha za fimbo za usukani. Kila moja ikicheza kidogo, zote kwa pamoja zinakupa robo ya mzunguko bila tairi kusogea. Nunua zote sita kwa pamoja. Kubadilisha moja moja ni kulipa fundi mara sita. Ila rilei ya usukani, lile bomba lililosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, usimwachie kijana wa gereji aifungue kwa kubahatisha. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, nayo ikichomoka huumiza vibaya.

Gia zijaribu barabarani. Panda gia ya pili, kisha ya tatu, uachie mafuta kwenye mteremko. Ikijitoa yenyewe, giaboksi imechakaa ndani na lazima ishuke, na kushusha giaboksi ya gari hili kunaanza kwa kung'oa viti na sakafu. Series III ina sinkronaizi, kifaa kinacholinganisha kasi ili gia ziingie bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kukwaruza kwa gia ya pili ni "tabia yake". Kisha nenda kwenye udongo laini: bonyeza kirungu cha manjano chini, magurudumu manne yashike, simama, vuta kirungu chekundu nyuma, upate gia za chini. Vikiwa vimeganda kwa kukaa muda mrefu, mara nyingi hulegea kwa mafuta na subira.

Breki ya mkono wengi huisoma vibaya. Haipo kwenye magurudumu. Ipo kwenye shafti inayotoka nyuma ya transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Isiposhika kabisa, kwa kawaida ni sili ya transfa iliyovuja na kulowesha brekishuu. Sili yenyewe ni bei ndogo. Ila usiivute gari likiwa linatembea, mshtuko wote unaingia kwenye difu, gia za katikati ya ekseli.

Ndipo tufike kwenye injini. Kabla haijawashwa, weka mkono juu yake: ikiwa ya moto, umewahiwa. Ya kawaida ni ya silinda nne, cc 2286, petroli au dizeli. Kuanzia 1980 krenki yake ina beringi tano badala ya tatu, na hiyo ndiyo ya kupendelea. Ya petroli ya silinda sita iache kama huna njia ya spea. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta ni ringi; unaotoka unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima ni gaidi za valvu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka, na kwa dizeli liogope hilo la pili. Nyingi zina taa tu ya oili, hazina geji. Mwambie fundi afunge geji kwa muda. Injini ya petroli ikiwa na joto na mwendo wa kati, geji inatakiwa isome psi 35 hadi 65. Saileni, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikipanda na kushuka, shuku kabureta ya Zenith, uso wake hupinda kwa joto. Namba za kumpa fundi wa kuirekebisha: pengo la tapeti ni inchi 0.010, mpangilio wa silinda kuwaka 1-3-4-2.

Ukikuta imefungwa injini ya Toyota, Nissan au Isuzu, usikimbie, ila badilisha maswali. Kiunganishi cha injini na giaboksi kimechongwa na nani, na klachi ni ya gari gani? Rejeta inatosha? Vishikio vya injini (mauntini) vimechomelewa kwenye chesisi nzima au kwenye kiraka? Injini yenye nguvu kuliko ile ya zamani itaimaliza giaboksi ukiikanyaga ovyo. Na je, namba ya injini kwenye kadi ni hii iliyopo? Namba ya chesisi imegongwa kwenye ncha ya mbele ya chesisi, upande wa kulia, karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya uisome mwenyewe. Namba hizo zisipolingana na kadi, malipo yasubiri mpaka muuzaji azinyooshe TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lake, si kwa lako. Gari lililowahi kuwa la serikali au la mradi liwe na karatasi za mnada.

Ukishanunua, usianze na rangi. Anza na breki: masta silinda, silinda za magurudumu na paipu zote za mpira kwa mkupuo mmoja, maana ukiweka masta mpya, silinda chakavu zitaanza kuvuja wiki ileile. Kisha mwaga oili zote. Injini inameza karibu lita 7 pamoja na filta, giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5, kila mguu wa mbele nusu lita, difu ya mbele lita 1.75. Ya nyuma, ikiwa ni Salisbury, ile yenye kifuniko cha bolti upande wa nyuma, inachukua lita 2.5. Chekecha kila oili inayotoka kwenye kitambaa cheupe. Unga wa kung'aa ni uchakavu wa kawaida. Ukiokota kipande cha jino, hiyo difu au giaboksi ifunguliwe kabla gari halijatoka tena gereji.