Vyeti vitano na mfuko mtupu

Anayeomba kazi Kenya, hasa ya serikali, huitishwa vyeti vitano. Tupige hesabu kwanza. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hiyo 50 ikiwa ada ya mtandao. Cheti cha CRB, wanaoweka rekodi za mikopo, ni 2,200. Kama hukuwahi kukopa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, karatasi ya kuthibitisha kwamba hudaiwi ni 1,000. Tayari tuko 4,250, na bado hatujataja saiba, kopi wala matatu ya kutoka Ahero hadi Kisumu mjini. Kwa kijana anayebeba zege kwa 500 kwa siku, hizo ni siku nane na nusu za jasho. Fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na cheti cha ushuru cha KRA, mamlaka ya ushuru, ni bure, ingawa hicho cha KRA kina mitego yake.

Kosa kubwa la wanaosaga lami wakitafuta kazi, Nakuru na Kisumu kote, ni kununua vyeti vyote mapema ili "wawe tayari". Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022: mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti hivi isipokuwa awe na nia ya kuandikiana naye mkataba wa kazi. Kwa hivyo soma tangazo pole pole. Likisema vyeti vitahitajika kwa watakaofaulu, hiyo 2,200 ya CRB kaa nayo. Ukiilipa leo na usaili uje baada ya miezi minane, utaambiwa cheti kimechacha, uende ulete kingine.

Cha kushughulikia mapema ni KRA, maana hapo tatizo hujengeka kimya kimya. Wengi walipata PIN, nambari ya mlipa ushuru, walipoomba mkopo wa HELB au walipofungua akaunti ya benki, wakaisahau. Hawana mshahara, basi wanaona hawana cha kuripoti. Lakini PIN ikishakuwepo, ritani lazima iwasilishwe kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha, hata kama mapato ni sufuri. Ukichelewa, faini ni 2,000 kwa kila mwaka. Miaka mitatu ya kukaa bila kazi hugeuka deni la 6,000, na iTax, mtandao wa KRA, haitakupa cheti mpaka mambo yanyooke. Kujaza ritani ya sufuri kwenyewe ni dakika tano: ingia iTax, fungua sehemu ya ritani, chagua ya sufuri, weka aina ya ushuru wa mapato ya mkazi, tuma, kisha uhifadhi risiti. Cheti kikitoka hudumu miezi kumi na miwili.

Mtego wa pili: mhudumu wa saiba aliyekufungulia PIN alitumia baruapepe yake mwenyewe, au aliunda moja na nywila yake akaondoka nayo kichwani. Sasa ukiomba nywila mpya, inatumwa kusikojulikana. Dawa yake ni kwenda ofisi ya KRA au Huduma Centre na kitambulisho halisi, ubadilishiwe baruapepe iwe yako. Fanya hivyo Mei. Juni mwishoni foleni hukukatisha tamaa.

Alama za vidole za cheti cha mwenendo mwema nazo zina adabu zake. Fomu ya C24, inayowekwa alama hizo, huchapishwa karatasi moja ya A4, mbele na nyuma. Saiba nyingi hutoa kurasa mbili tofauti, nawe unafika kaunta unaambiwa urudi. Beba kitambulisho halisi, nakala yake na uthibitisho wa malipo. Kila kidole hupakwa wino kisha kuviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili, mara moja tu, bila kurudisha nyuma. Ukikisaidia kwa kusukuma, michirizi inafutika na fomu inaweza kukataliwa. Legeza mkono umwachie afisa. Wanaokata miwa Chemelil na Muhoroni, wanaoshika saruji, wanaoparua samaki Dunga, vidole vyao huwa vimelika hata mistari haionekani. Kwa hao, siku nne tano za kupumzisha mikono na kupaka mafuta ya mgando kila usiku husaidia. Asubuhi ya kwenda, osha kwa sabuni na ukaushe kabisa, usipake chochote, kwa sababu wino hauketi juu ya mafuta.

HELB ni fupi. Ukiwa na deni, ongea nao kabla hawajakutafuta, kwani faini ya kutolipa ni 5,000 kwa mwezi. Anayelipa kidogo kidogo kwa mpango waliokubaliana yuko pazuri zaidi kuliko anayejificha.

Majina! Hili ndilo linalowaliza watu wa magharibi. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha KCSE, mtihani wa sekondari, kina mawili, na cha kuzaliwa kimeandikwa "Akinyii". Hati ya kiapo kwa wakili hueleza kwamba wote hao ni mtu mmoja. Iandae kabla ya usaili, usingoje jopo likuulize.

Kutuma maombi mtandaoni: mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wa faili, na skani ya rangi yenye ubora wa juu hukipita. Mwambie mhudumu askani kwa kijivu, ubora wa 150 dpi, vyeti vyote kwenye PDF moja. Jina la faili liwe lako na la nafasi unayoomba. "Scan0023" halimsaidii karani mwenye faili mia nne. Na ukimaliza, futa kitambulisho chako kwenye kompyuta ya saiba, utoke kwenye baruapepe. Kuna watu wamechukuliwa mikopo kwa nakala zilizosahaulika hivyo.

Nafasi za kaunti hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kila kaunti, na nyingi za serikali huonekana kwenye MyGov, gazeti la serikali, kila Jumanne. Bahasha iandikwe jina la nafasi na nambari ya tangazo. Usiache wazi sehemu ya kabila na kaunti ya nyumbani ukidhani unajikinga. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Mkisii anayeishi Kisumu, au Mluhya wa Nakuru, akiacha pengo hilo amejinyima mwenyewe. Kama bodi zenyewe hufuata asilimia hiyo, hilo ni swali la siku nyingine.

Mashamba ya maua Naivasha ni mchezo tofauti. Hapo huulizwi CRB. Wanataka kitambulisho, PIN, nambari ya NSSF, akiba ya uzeeni, na ya SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili NSSF na SHA hakulipiwi, kwa hivyo anayekuitisha 500 getini "akuharakishie nambari" anakula chakula chako. Mahitaji ya vibarua hupanda kuelekea Februari 14, siku ya wapendanao, na maua ya siku hiyo huanza kusafirishwa Januari mwishoni. Anayefika getini wiki ya pili ya Februari hukuta wenzake wanahesabu siku zilizobaki za mkataba.