Kuisikiliza Kliniki kwa Mbali: Kazi ya Ukarani wa Daktari Kabla ya Chuo cha Udaktari

Ndugu zangu wa nyumbani hushangaa ninapowaeleza kwamba nimemaliza shahada ya biolojia na bado sijaanza kusomea udaktari. Tanzania, kijana aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi ya kidato cha sita anaweza kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari ya miaka mitano, inayofuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Hapa Marekani chuo cha udaktari huja baada ya shahada ya kwanza, nacho humtaka mwombaji afanye mtihani wa kujiunga uitwao MCAT na aonyeshe kwamba amewahi kukaa karibu na wagonjwa na kwamba anakifahamu anachokiomba. Ndiyo maana wengi wetu hufanya kazi kwanza. Mimi nilichagua ukarani wa daktari, tena wa mbali: nimekaa chumbani kwangu Texas, nikisikiliza kliniki ya tiba ya familia iliyoko Kentucky.

Daktari anapoingia kumwona mgonjwa humweleza kwamba kuna karani anayesikiliza na kumwomba ruhusa. Akikubaliwa, mimi huandika mazungumzo yao katika faili la kielektroniki huku maikrofoni yangu ikiwa imezimwa. Sitoi ushauri, siagizi dawa wala kipimo, na kila ninachoandika hubaki rasimu mpaka daktari akisome, akirekebishe na kukitia saini. Mlango wangu hufungwa muda wote wa kazi, kwa kuwa sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za mgonjwa hata pale karani anapofanyia kazi nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo hiyo, mifano nitakayoitoa hapa ni ya hali zinazotokea kila mahali, na haimhusu mgonjwa yeyote mmoja.

Kazi hii ilikua kutokana na mzigo wa maandishi. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya HITECH, iliyotoa fedha kuzihimiza hospitali na kliniki zihamie kwenye mafaili ya kielektroniki, na madaktari wakajikuta wanaitazama kompyuta zaidi ya wanavyomtazama mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Annals of Internal Medicine uliona kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari aliitumia na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye mafaili na kazi za mezani.

Nilipoanza nilidhani nitajifunza majina ya dawa na magonjwa. Niliyajifunza, lakini faida kubwa imekuwa kwingine, yaani katika kuona jinsi daktari anavyofikiri. Maelezo ya kila mgonjwa yana sehemu nne: anayoyasema mgonjwa, yanayoonekana na kupimwa, tathmini, na mpango. Mpangilio huu unatokana na kazi ya daktari wa Marekani, Lawrence Weed, ambaye mwaka 1968 aliandika akitaka faili lifuate matatizo ya mgonjwa, kila tatizo na hoja zake, ili msomaji aone daktari alivyofikia uamuzi wake.

Chukua mtu anayekuja kwa sababu miguu imevimba. Daktari huanza kwa kuuliza kama umevimba mguu mmoja au yote miwili, kwa maana uvimbe wa upande mmoja humfanya afikirie mgando wa damu kwenye mshipa. Kisha huuliza mgonjwa analalia mito mingapi, kama huamka usiku akikosa pumzi, na kama uzito umeongezeka kwa siku chache. Hapo anautafuta moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri. Anauliza kama mkojo una povu, kwa sababu figo zinazopitisha protini huvimbisha miguu. Anauliza kuhusu pombe na homa ya ini. Halafu anaiomba mifuko ya dawa yenyewe, kwa kuwa amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na watu wengi, huvimbisha vifundo vya miguu, na ibuprofeni inayonunuliwa dukani humfanya mtu abakize chumvi na maji mwilini. Zamani ningeyaona maswali hayo kuwa mazungumzo yasiyo na mpango. Sasa nikisikia swali la mito ninajua mshale umeelekezwa wapi, na ninapoandika tathmini ninaweza kupanga uwezekano wote pamoja na sababu ya kuuacha huu na kuufuata ule. Hakuna somo la shahada yangu lililonifundisha hivyo.

Umbali nao una adhabu yake. Karani aliye ndani ya chumba huona mgonjwa anavyotembea, rangi ya midomo yake, na mkono unaoshika kifua; mimi nategemea masikio tu. Daktari ninayemwandikia amezoea kusema uchunguzi wake kwa sauti, akimweleza mgonjwa mwenyewe kwamba mapafu yanasikika safi au kwamba kidole kimeacha shimo kwenye muundi. Asiposema kwamba ameusikiliza moyo, siandiki kwamba moyo uko sawa, ingawa programu ina sentensi hiyo tayari na inaweza kuingia kwa kubonyeza mara moja. Jambo hili nalishikilia sana. Uchunguzi ulioandikwa bila kufanyika utaaminiwa na daktari atakayemwona mgonjwa huyo miezi sita baadaye.

Maneno yenyewe yana uzito vilevile. Tangu Aprili 2021, kanuni zilizotokana na sheria ya 21st Century Cures Act zinawapa wagonjwa haki ya kuyasoma maelezo yao mapema bila malipo, na wengi huyafungua siku hiyo hiyo kwenye simu. Kuandika kwamba mtu “anadai” ana maumivu ni kumtilia shaka, na kuandika kwamba “hafuati matibabu” huficha habari iliyo muhimu zaidi, kwamba insulini ilimshinda bei na akaanza kuigawa nusu nusu. Habari ya bei humwezesha daktari kubadilisha kitu. Lawama haimsaidii yeyote.

Mara kwa mara huja wagonjwa waliotoka Kongo, wengi wao wakimbizi wanaoongea Kiswahili, na mkalimani huunganishwa kwa simu. Mimi nawaelewa kabla mkalimani hajafungua kinywa, lakini si kazi yangu kutafsiri. Likiachwa neno la maana, mimi humwandikia daktari ujumbe kwenye skrini, naye humwuliza mgonjwa upya kupitia mkalimani. Hizo ndizo saa zinazonipa hamu kubwa zaidi ya kuwa mtu wa kuuliza swali mwenyewe.

Malipo ni madogo, na kazi hii haitoshi peke yake kwa mwombaji, kwa sababu ndani yake simgusi mgonjwa wala simpi maji. Jumamosi nimekuwa nikijitolea katika nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, na ningemshauri kila karani wa mbali atafute mahali kama hapo.

Kwa sasa kliniki nyingi zinajaribu programu za akili bandia zinazosikiliza mazungumzo na kuandika rasimu zenyewe, na karani hubaki kuzikagua. Naelewa kwa nini madaktari wanazipenda. Hata hivyo, rasimu hizo zinaweza kusema kwamba mgonjwa amekana maumivu ya kifua wakati hakuna aliyemwuliza, na anayezikagua hapati mazoezi ya kupanga tathmini tangu mwanzo. Ukiomba nafasi ya namna hii, uliza kabla ya kusaini kama utaandika wewe au utasahihisha mashine, na kama daktari yuko tayari kukupa dakika chache mwisho wa siku akueleze kwa nini alibadilisha ulichoandika. Daktari wangu alifanya hivyo tangu wiki ya kwanza, na marekebisho yake ndiyo niliyoyaeleza katika maombi yangu ya chuo.