Siku moja na mwamuzi wa sataranji, meza za nyuma

Saa 7 mchana. Kikao cha waamuzi, kukagua saa, kupanga kete. Kila mchezaji ana dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha huongezewa 30. Na kila hatua inampa sekunde 30.

Saa 9 alasiri. Mashindano haya ni ya timu za mataifa, lakini meza zangu hazifikiwi na kamera. Wachezaji wa ridhaa, wanne kwa wanne: huyu daktari, yule mwalimu, wamechukua likizo waje kuteseka. Ndugu zangu husema nalipwa kwa kukaa tu. Haya, kaeni ninyi bila simu, bila kuonyesha usoni kwamba mmeona malkia wa mtu yuko hatarini.

Saa 12 jioni. Bodi tatu zimekwisha, pointi moja na nusu kila upande. Imebaki ya nne: mmoja ana kete za ngome na askofu, mwenzake ngome tupu. Mtihani huo! Kwa nadharia ni sare, ila anayejihami huchoka akateleza.

Nahodha wa huyo anayejihami ndiye aliyenimaliza. Anaruhusiwa kumwambia mchezaji aombe sare, aikubali, au akubali kushindwa, basi. Huyu anakohoa, anahema, anazunguka nyuma ya kiti. Namsogeza. Anarudi. Namsogeza tena, ananikunjia uso.

Mara mchezaji wake anaandika hatua bila kuicheza, anasimamisha saa, ananiita kudai sare: hali ileile ya bodi imejirudia mara tatu. Amefuata utaratibu, nampa heko. Nachukua bodi nyingine na karatasi zote mbili, tunarudia hatua mbele ya wote wawili, na mwandiko wenyewe kama wa cheti cha dawa. Ni mara mbili tu; mara moja ngome ilikuwa pembeni. Dai si sahihi, basi mpinzani anaongezewa dakika mbili, hatua iliyoandikwa inachezwa. Nahodha anawaka. Namwambia rufaa huandikwa.

Sijui tena ni saa ngapi. Mgongo unauma, penseli yangu inahesabu hatua: hamsini kila upande bila kete kuliwa, bila askari kusogea. Safari hii dai ni sahihi. Sare, mbili kwa mbili.

Wametia saini, kisha wakabaki wakibishana kama palikuwa na ushindi. Palikuwapo, nimeuona. Mchezo umekwisha, ningeweza kuwaambia, lakini nilikuwa na njaa.